Chujio la Hewa la Pikipiki: Lipi Lafaa Njia za Rungwe?

Katika miezi ya kiangazi, tangu Juni mpaka Oktoba, migomba iliyo kando ya njia za Nkunga hubadilika rangi. Majani yaliyokuwa ya kijani mwezi wa Aprili huvaa koti la vumbi, na kila lori la viazi au la majani ya chai lipitapo, koti hilo huzidi unene. Pikipiki inayofuata nyuma ya lori, ikiwa imebeba mikungu ya ndizi au madumu ya maziwa kuelekea Tukuyu, huvuta hewa ile ile iliyoyapaka majani ya migomba. Mwendeshaji amejifunga kitambaa puani. Injini nayo ina kitambaa chake, yaani chujio la hewa, ambalo mafundi huliita ea klina.

Kitambaa hicho cha injini ndicho kinachobadilishwa siku hizi bila kufikiriwa vya kutosha. Lile chujio lililokuja na pikipiki linapochakaa, madukani huwapo mengi ya kuchukua nafasi yake: ya karatasi yaliyoigizwa kwa umbo la lile la kwanza, ya sponji, na yale yenye umbo la pia, mekundu au ya buluu, yenye wavu unaong'aa, ambayo hufungwa moja kwa moja mdomoni mwa kabureta baada ya kuling'oa boksi zima la hewa lililo chini ya kiti. Hayo ya mwisho hupendwa na vijana. Pikipiki hubadilika mlio, na husemwa kwamba sasa "inavuta". Wapo pia wanaoendesha bila chujio lolote, na hoja yao ni hiyo hiyo.

Makala hii inashikilia kwamba mlio na mvuto ni vipimo vibaya vya kuchagulia chujio, na kwamba kwa mtu apitaye njia za udongo za Rungwe, chujio la karatasi lililokaa barabara ndani ya boksi lake ni bora kuliko pia yoyote inayong'aa. Jambo hili si dogo. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoziruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, bodaboda imekuwa ajira ya maelfu ya vijana nchini, na wengi wao hawamiliki chombo wanachokiendesha. Hukichukua kwa mkataba, wakimpelekea mwenye chombo hesabu ya kila siku au ya kila wiki mpaka ifike siku iliyokubaliwa, ndipo pikipiki iwe yao. Katika muda huo matengenezo aghalabu huwa juu ya mwendeshaji. Injini ikianza kutoa moshi wa buluu katika mwezi wa nane wa mkataba wa mwaka mmoja, hesabu haisimami kungojea ringi mpya.

Na tuanze na kiasi cha hewa chenyewe, maana wengi hawakidhanii. Ili petroli iungue yote, kilo moja huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Lita moja ya petroli ina uzito wa kilo 0.74 hivi, kwa hiyo huhitaji hewa ya kilo 11 kasoro kidogo. Tukuyu, mahali palipo yapata mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo moja tu hivi, ilhali Dar es Salaam ina karibu kilo 1.17. Basi kila lita ya petroli iunguayo katika vilima vya Rungwe huvuta lita 11,000 za hewa. Mwendeshaji atumiaye lita 4 kwa siku amepitisha katika injini yake hewa ya chumba kizima cha mita 4 kwa 4, chenye kimo cha karibu mita 3. Fagia chumba kama hicho wakati wa kiangazi kabla ya kumwaga maji sakafuni, kisha tazama mwali wa jua unaoingia dirishani: yote yanayoelea humo yataka kuingia katika silinda.

Ni vumbi la namna gani hilo? Udongo wa Rungwe ni zao la volkano. Mlima Rungwe wenyewe ulilipuka kwa nguvu nyingi miaka ipatayo 4,000 iliyopita, ukatandaza majivu na mawe mepesi ya povu juu ya nchi yote hii. Na jirani yake Kiejo alimwaga lava miaka mia mbili hivi tu iliyopita. Majivu ya volkano si kama majivu ya kuni. Ni vipande vya kioo na vya madini kama felspa, vyenye pembe kali kama chupa iliyovunjwa. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ina 10 na ulanga una 1, kioo cha volkano na felspa vina kati ya 5 na 6. Mchanga wa mawe ya matale, kama ule wa nchi ya Dodoma, una kwatzi yenye ugumu wa 7, na kwa hiyo ni mkali zaidi. Lakini aluminiamu ya pistoni haifiki hata 4, na chuma cha silinda nacho kwa kawaida huwa laini kuliko chembe hizo. Mkulima anayelaani mvua ya Rungwe na kuusifu udongo wake husahau kwamba rutuba ile ile ni msasa ukiingia mahali pasipostahili.

Chembe zenye madhara makubwa si zile zionekanazo kwa macho. Kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda kuna utando wa oili wenye unene wa mikrometa chache tu; unywele wa mtu una unene wa mikrometa 70 hivi. Chembe kubwa mno haipenyi hapo kwa urahisi, na ile ndogo mno huelea ndani ya oili bila kugusa pande zote mbili. Zile za kati, za mikrometa 5 hadi 20 hivi, ndizo zinazokaa sawasawa baina ya vyuma viwili na kuvikwangua kila pistoni ipandapo na kushuka. Kisha hushuka na oili hadi kwenye beringi za chini, zikaendelea na kazi huko.

Hapa ndipo hesabu ndogo inapofaa kufanywa ubaoni. Tuchukue, kwa mfano wa darasani tu, kwamba kila mita ya ujazo ya hewa ya njiani ina miligramu 10 za vumbi. Kwa lita 4 za petroli kwa siku, na siku 150 za kiangazi, injini huletewa gramu 66 za vumbi. Chujio linalozuia asilimia 99 litaruhusu gramu 0.66 kupita. Chujio linalozuia asilimia 95 litaruhusu gramu 3.3. Mwenye duka atasema, na wala hasemi uongo, kwamba 95 na 99 ni alama zilizokaribiana. Mwanafunzi apataye alama hizo mbili katika mitihani miwili hupongezwa kwa yote. Lakini injini hailiwi na vumbi lililozuiwa. Huliwa na vumbi lililopita, nalo ni mara tano zaidi. Na asiye na chujio amezipitisha gramu zote 66.

Namna chujio linavyofanya kazi hueleweka vibaya hata na watu waliosoma. Hudhaniwa kwamba ni chekeche la unga: tundu dogo, chembe kubwa, basi. Kama ingekuwa hivyo, karatasi yenye tundu za kuzuia chembe ya mikrometa 5 ingeziba upesi mno. Kwa kweli tundu za karatasi nyingi za machujio ni kubwa kuliko chembe nyingi zinazonaswa. Hewa inapopinda kuuzunguka uzi mmoja wa karatasi, chembe nzito haiwezi kupinda upesi, kama abiria waliosimama katika basi dereva anapokata kona ghafula. Hutupwa kando, ikaugonga uzi na kushikwa. Zile nyepesi zaidi hufuata mkondo wa hewa, lakini zikipita karibu mno hugusa uzi na kunasa. Na zile ndogo kabisa, zilizo chini ya mikrometa moja, hutapatapa huku na huko kwa kusukumwa na molekyuli za hewa, kwa ule mwendo ambao Robert Brown aliuona katika maji mwaka 1827 na Einstein akaueleza kihesabu mwaka 1905. Katika kutapatapa huko hukutana na nyuzi. Kwa hiyo nyuzi nyingi zilizosongamana huleta nafuu kuliko tundu ndogo, na eneo kubwa la karatasi, ambalo hupatikana kwa kuikunja mikunjo mingi, huiachia hewa ipite polepole.

Jambo moja hutokana na hayo, nalo huwashangaza wengi. Chujio la karatasi lililochafuka kidogo hukamata vumbi vizuri kuliko lile jipya, kwa sababu vumbi lililotangulia limekuwa sehemu ya chujio. Yule anayelipeleka kila wiki kwa mjaza upepo wa matairi ili lipulizwe hulirudisha kila wiki kwenye hali yake ya udhaifu, na upepo wa shinikizo kubwa huzitanua tundu au kuichana karatasi mahali pasipoonekana. Kulisafisha kwa petroli ni vibaya zaidi: gundi hulegea, na moto nao u karibu.

Sponji iliyolowekwa oili ni chujio la kuheshimika, mradi iwe sponji iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na iwe imelowa. Oili ndiyo inayoshika. Sponji huishikilia oili tu. Sponji kavu huzuia majani na wadudu. Kuna mahali ambapo kipande cha godoro hukatwa kwa kisu na kusokomezwa ndani ya boksi. Kwa siku moja ya dharura si haba, kwa msimu mzima ni kujidanganya. Wazee waliowahi kuendesha Land Rover za zamani au trekta za Massey Ferguson wanakumbuka bakuli la oili lililokuwa chini ya chujio la hewa: hewa iligeuzwa ghafula juu ya oili na vumbi zito likazama humo. Ni kanuni ile ile ya abiria na kona. Chombo kile kilidumu miaka mingi, lakini hakikuwa hodari kwa chembe ndogo, tena hakifai chombo kinacholala upande kila kionapo kona.

Ama yale machujio ya pamba iliyopakwa oili, yenye tabaka za kitambaa kati ya nyavu mbili, asili yake ni ya heshima. Kampuni ya K&N, iliyoanza Riverside, California, mwaka 1969, iliyapa umaarufu miongoni mwa wapenzi wa mashindano. Lakini mtu wa mashindano huifungua injini yake baada ya safari chache na kuitia ringi mpya. Kwake nusu nguvu ya farasi ni ushindi, na uchakavu ni gharama iliyokwisha kupangwa. Tena chujio la namna hiyo hudai sabuni yake na oili yake ya kunata. Oili ya kawaida ya injini hutiririka ikakusanyika chini, sehemu ya juu ikabaki kavu. Na pia nyingi zilizopo madukani ni mwigo wa umbo na rangi tu.

Lakini je, vijana hudanganyika kabisa wanaposema pikipiki "inavuta" chujio linapoondolewa? La, hasha. Wanachokisikia kipo, ila sababu waitoayo siyo. Kabureta iliyorekebishwa kwa nchi tambarare ya pwani, ikipandishwa hadi Tukuyu, hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Mchanganyiko huzidi utajiri kwa karibu asilimia 8. Injini huwa nzito, plagi hupata masizi meusi, petroli huliwa bure. Chujio likiondolewa, hewa huongezeka kidogo na mchanganyiko husogea karibu na kipimo chake. Kijana husema dawa imepatikana. Dawa ya kweli ni kitundu cha petroli ndani ya kabureta, yaani jeti, kubadilishwa kwa namba ndogo zaidi, kazi ambayo fundi mwenye uzoefu huifanya kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Yafaa isemwe wazi kwamba mafundi wengi hawajawahi kuambiwa jambo hili, na kosa si lao peke yao. Fizikia ya shinikizo la hewa hufundishwa shuleni kwa mfano wa Torricelli na zebaki yake, nadra kwa mfano wa kabureta iliyoegeshwa nje ya darasa.

Na hata hivyo, chujio linaweza kurudisha nguvu kiasi gani? Shinikizo la hewa kwenye usawa wa bahari ni kilopaskali 101. Katika mita 1,600 ni karibu 84. Mlima umekwisha kuchukua kilopaskali 17. Chujio safi la pikipiki ndogo kwa kawaida halichukui hata 2, tena hapo ni pale mkono wa petroli umefunguliwa wote. Mwendeshaji wa bodaboda huufungua wote mara chache, pengine akipanda kilima na abiria wawili. Muda mwingi mkono umefunguliwa nusu au robo, na kabureta yenyewe ndiyo inayoibana hewa kwa makusudi. Kuondoa chujio katika hali hiyo ni sawa na kung'oa mlango wa uani ili watu waingie upesi, ilhali mlango wa sebuleni mwenyewe ameurudisha.

Kisha kuna masika. Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi nchini, na tangu Novemba hadi Mei adui si vumbi bali maji. Boksi la hewa chini ya kiti halikuwekwa na mtengenezaji kwa urembo: mdomo wake umefichwa mahali ambapo tope la gurudumu na mvua ya ukungu havifiki kwa wepesi, na hewa hutulia humo kabla ya kuvutwa. Pia iliyofungwa wazi nyuma ya silinda imekaa mahali ambapo gurudumu hurusha tope. Katika pamba au sponji, maji ya matope huiosha oili. Katika karatasi, huivimbisha mpaka hewa ipite kwa shida, na ikikauka vibaya hupasuka mikunjoni. Mwenye kupita njia ya matope kila siku asilingoje kiangazi ndipo alifungue boksi lake. Katika miezi hii sponji yenye oili, ikiwa ndani ya boksi na ikaoshwa kwa sabuni, ikakaushwa na kulowekwa upya mara kwa mara, huishinda karatasi. Hilo halina ubishi. Lakini sharti lake ni mtu mwenye subira ya kuiosha, na kiangazi kikirudi karatasi nayo irudishwe.

Anayekwenda dukani ayaangalie mambo ambayo hayang'ai. Mpira wa ukingoni uwe laini, wenye unene mmoja pande zote, na ukae kwenye boksi bila kusukumizwa. Chujio zuri lenye mwanya wa unywele mmoja ukingoni ni sawa na chandarua chenye tundu. Mikunjo iwe mingi na iliyolingana. Likishikwa mbele ya jua, mwanga upenye kwa usawa, pasiwe na nukta nyeupe zinazochoma macho. Chujio ambalo mikunjo yake michache imetandazwa ili kuficha uhaba wa karatasi lirudishwe kwa mwuzaji, hata likiwa na nembo ya mtengenezaji maarufu, kwa maana nembo huigizwa kwa urahisi kuliko karatasi.

Lakini macho ya mnunuzi yana mpaka. Kipo kipimo cha kimataifa cha machujio ya injini, ISO 5011, ambacho hupuliza vumbi la aina inayojulikana na kupima kiasi kilichopita na shinikizo lililopotea. Pakiti nyingi zinazouzwa hazina namba yoyote ya namna hiyo. Zina picha ya pikipiki inayoruka. Shirika la Viwango Tanzania limekuwapo tangu mwaka 1975, na chujio la hewa la pikipiki, kipuri kinachobeba riziki ya vijana wengi hivi, linastahili kuandikwa kwenye pakiti yake asilimia ya vumbi linalozuia kwa kipimo hicho. Mfuko wa saruji huandikwa daraja la nguvu zake. Haionekani kwa nini chujio lisamehewe.

Kwa shule, kuna majaribio mawili yasiyodai fedha. La kwanza ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliopindwa kwa umbo la herufi U na kutiwa maji, ambao ncha yake moja imeunganishwa na boksi la hewa upande wa baada ya chujio. Sentimeta 10 za tofauti ya maji ni karibu kilopaskali moja. Kwa kuwa injini ya silinda moja huvuta kwa mikupuo, maji yatatapatapa. Mpira ubanwe kidogo kwa kidole mpaka yatulie. Wanafunzi walinganishe chujio jipya, chujio la miezi sita na boksi tupu, na watashangaa jinsi tofauti zilivyo ndogo injini ikiwa katika mwendo wa taratibu.

La pili ni la kitambaa cheupe. Chujio jipya lifungwe, ukingo wake upakwe grisi kidogo, na pikipiki iendeshwe wiki nzima ya Septemba katika njia yake ya kila siku, Nkunga hadi Tukuyu na kurudi. Kisha chujio litolewe, kidole kivikwe kitambaa cheupe na kupitishwa ndani ya bomba linalokwenda kwenye kabureta. Kitambaa kikitoka cheupe, chujio lifungwe tena na lisiguswe kwa mwezi mmoja. Kikitoka na rangi ya njia, grisi ya ukingoni itaonyesha vumbi lilipopitia. Na ikiwa grisi ni safi pande zote, basi vumbi limepita katika chujio lenyewe, na lile la zamani lililotupwa nyuma ya gereji huenda lilikuwa bora zaidi.